Uraibu wa Kuchati: Upime kwa Dodoso Lipi, na Dodoso Linaishia Wapi

Chukua watu wawili. Wa kwanza anauza nguo kwa njia ya simu. Kwa siku anapokea na kutuma meseji kama mia tatu, usiku anazima data na kulala fofofo. Wa pili ni mwanafunzi wa sekondari. Meseji zake hazizidi ishirini, ila kila baada ya dakika mbili anaifunua simu kuona kama amejibiwa. Mlango ukifunguliwa anaisukumia chini ya shuka. Akinyang'anywa, nyumba haikaliki mpaka arudishiwe. Kwa hesabu ya meseji, mwenye tatizo ni muuzaji. Anayeishi na hao wawili atakucheka.

Hapo ndipo ugumu wa kupima jambo hili ulipo, na ndiyo sababu tangu mwaka 2007 watafiti kadhaa wamekuwa wakitunga madodoso ya kuchati yasiyotegemea idadi peke yake. Yapo yanayouliza meseji tu, yapo yanayouliza simu nzima, na siku hizi ipo simu yenyewe inayomwekea mwenyewe kumbukumbu ya kila anachofanya. Nayaweka hapa sambamba kwa ajili ya mtu mwenye kazi ya kuchagua: mwanafunzi wa saikolojia anayetafuta kipimo cha tasnifu, mshauri nasaha wa shule, au mtu tu anayejishuku. Msimamo wangu niuseme mapema. Madodoso haya hayapimi kitu kimoja, kwa hiyo swali la "lipi bora" halijibiki mpaka useme unataka kujua nini. Na hakuna hata moja linalokupa ruhusa ya kumwita mtu mraibu.

Kabla ya kuchagua: ugonjwa huu haumo vitabuni

Uraibu wa tabia, yaani uraibu usiokuwa na kilevi ndani yake, umepewa nafasi finyu katika miongozo ya utambuzi wa magonjwa. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, uliihamishia kamari kwenye fungu moja na pombe na dawa za kulevya. Michezo ya intaneti ukaiweka pembeni, miongoni mwa mambo yanayohitaji utafiti zaidi. ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inautambua uraibu wa kamari na wa michezo ya kidijitali. Kuchati hakumo katika mwongozo wowote kati ya hiyo miwili.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Machi 2008 daktari wa akili Jerald Block aliandika tahariri katika jarida la American Journal of Psychiatry akitaka uraibu wa intaneti uingizwe katika DSM, na kati ya aina tatu alizozitaja, moja ilikuwa barua pepe na meseji. Pendekezo hilo halikupita.

Kwa hiyo watunga madodoso hufanya kitu kimoja kati ya viwili. Ama huchukua dalili za uraibu unaotambulika, kama kamari, na kuweka neno "meseji" mahali pake. Ama huanza na watu wenyewe na simu zao, wakaangalia wanahangaikia nini. Njia ya kwanza ndiyo ya mkato, na ndiyo yenye mtego. Vigezo vinavyotumika zaidi katika njia hiyo ni vile sita vya Mwingereza Mark Griffiths, alivyoviweka pamoja mwaka 2005: jambo kutawala fikra, kutumika kubadili hisia, usugu (kiasi cha jana leo hakitoshi), arosto ukilikosa, migogoro na watu au na nafsi yako, na kurudia baada ya kuacha. Kwa mtu wa heroini, vigezo hivyo vinakaa sawasawa. Vihamishie kwenye jambo ambalo binadamu ameumbwa kulitaka, uone.

Liam Satchell na wenzake walifanya hivyo makusudi. Walichukua maswali ya mtindo wa madodoso ya uraibu wa mitandao ya kijamii, wakayageuza yaulize kuhusu kukaa na marafiki ana kwa ana, kisha wakawauliza watu 807. Asilimia 69 wakatokea kuwa "waraibu" wa marafiki zao. Utafiti huo naupenda kuliko mwingine wowote katika uwanja huu, na naona kila anayechagua dodoso la kuchati angeusoma kwanza. Kuchati ni kuongea na watu. Dodoso linalouliza tu kama unawaza sana kuhusu meseji na kama unajisikia vibaya ukizikosa linaweza kuwa linapima kupenda watu.

Kundi la watafiti lililoongozwa na Daniel Kardefelt-Winther lilipendekeza mwaka 2017 masharti ya kuzuia hilo. Tabia iitwe uraibu pale tu inapoleta madhara makubwa au dhiki ya kweli na ikaendelea kwa muda mrefu. Na isiitwe hivyo kama kuna tatizo jingine linaloielezea vizuri zaidi, kama ni jambo ambalo mtu ameamua mwenyewe kulifanya, au kama ni njia yake ya kukabiliana na jambo jingine. Masharti hayo nayatumia hapa chini kama rula.

Madodoso mawili ya meseji, na maswali mawili tofauti

La kwanza ni la Marekani. Kelly Lister-Landman, Sarah Domoff na Eric Dubow walilitunga kupima kuchati kwa kushindwa kujizuia, na utafiti wao ukatoka mwaka 2015. Waliwauliza wanafunzi 403 wa darasa la 8 na la 11 katika mji mdogo wa eneo la kati-magharibi. Dodoso lao lina pande tatu: meseji kuvuruga shughuli nyingine, akili kuganda kwenye meseji, na kuficha. Jambo la maana ni kwamba walitenganisha kuchati huku na idadi ya meseji. Wasichana katika utafiti huo hawakuwa wakituma meseji nyingi kuliko wavulana, lakini ni kwa wasichana tu kuchati kwa kushindwa kujizuia kulikoambatana na maendeleo mabaya shuleni. Waandishi walihisi sababu ipo katika aina ya mazungumzo: wavulana hutuma taarifa, wasichana hulea uhusiano, na meseji moja ya rafiki aliyekasirika hukaa kichwani kuliko kumi za "mechi saa ngapi".

La pili ni la Japani. Tasuku Igarashi na wenzake walilichapisha mwaka 2008 baada ya kufanya kazi na wanafunzi wa sekondari ya juu. Nalo lina pande tatu, ila siyo zilezile: mwitikio wa kihisia, matumizi kupita kiasi, na kulinda uhusiano. Maswali yake yanagusa mambo kama kuvunjika moyo jibu lisipokuja mara moja, au kuamini kwamba bila meseji urafiki ungekufa. Watafiti hao waliona pia kwamba watu hufika huko kwa njia mbili: mchangamfu hufika kwa sababu ana marafiki tele wa kuongea nao, na mwenye wasiwasi hufika kwa sababu anaogopa kuachwa.

Warudishe sasa wale watu wetu wawili. Kwenye dodoso la Kimarekani muuzaji anapata alama chache: hafichi kitu, na meseji hazimvurugii kazi kwa kuwa ndizo kazi. Mwanafunzi anapata nyingi pande zote tatu. Kwenye dodoso la Kijapani muuzaji anapanda kwenye upande wa matumizi kupita kiasi, basi. Mwanafunzi anapanda kwenye hisia na uhusiano, ila kule kuficha simu chini ya shuka hakuna upande uliotengewa. Dodoso la kwanza linauliza kuchati kunakufanyia nini. La pili linauliza unaogopa nini usipochati. Nikiwa mshauri wa shule ningetaka jibu la swali la kwanza ili nijue kama kuna tatizo, kisha la pili ili nijue pa kuanzia kuongea.

Kila moja lina kasoro yake, na kasoro ya lile la Kimarekani ndiyo inayowapita wengi. Likitumika kutafuta uhusiano kati ya kuchati na masomo, upande wake wa kwanza unakuwa umeshauliza kama meseji zinavuruga kazi. Ukipata baadaye kwamba wenye alama za juu ndio wanaofanya vibaya darasani, sehemu ya matokeo hayo uliyaweka mwenyewe ndani ya swali. Dawa yake ni kuchanganua pande tatu mojamoja: kama kuganda kwa akili na kuficha navyo vinaambatana na alama mbaya za darasani, ukiwa umeuondoa upande wa kuvuruga shughuli, hapo una la kusema.

Hilo la kutenganisha pande lina uzito hata kwa mtu mmoja. Tuseme dodoso lina pande tatu zenye alama 20 kila moja. Mmoja amepata 16 kwenye kuvuruga shughuli, 14 kwenye kuganda akili, 2 kwenye kuficha. Mwingine amepata 6, 8 na 18. Wote wana 32 kwa jumla. Wa kwanza ni mtu anayechelewa kumaliza kila kitu na anakiri mwenyewe, na pengine anachohitaji ni kuzima arifa na kupangiwa muda. Wa pili anafanya kazi zake vizuri lakini kuna kitu hataki kionekane. Anaweza kuwa na mpenzi ambaye nyumbani hawamtaki, au kuna mtu mzima anayemtongoza, au anatishiwa picha zake. Ukiandika "32" kwenye faili, umewafanya wawili hao kuwa kitu kimoja, na huyu wa pili umemkosa kabisa.

Kasoro ya lile la Kijapani ni kwamba upande wa kulinda uhusiano uko karibu mno na urafiki wa kawaida. Kwa rula ya Kardefelt-Winther, mtu anaweza kupata alama za juu pale bila madhara yoyote. Ndiyo maana silipendekezi kwa kazi ya kutafuta wenye tatizo. Kwa utafiti wa upweke, wasiwasi wa kuachwa au namna vijana wanavyoshikamana, naliona liko mbele ya mwenzake.

Kuna la tatu, la J. Brian Rutland, Tilman Sheets na Tony Young, la mwaka 2007, lililolenga matumizi ya SMS yenye matatizo na lenye pande mbili: matumizi ya kiugonjwa na matumizi yenye matatizo. Lina heshima ya kuwa miongoni mwa ya mwanzo. Lilitungwa enzi ambazo meseji ilikuwa SMS na si kitu kingine. Sioni sababu ya kulichukua leo ukiwa na hayo mawili, isipokuwa unaandika historia ya upimaji.

Au uchukue dodoso la simu nzima?

Madodoso yote hayo yana umri. Mwaka 2011, kituo cha utafiti cha Pew kilipowauliza vijana wa Marekani wa miaka 12 hadi 17, kijana wa katikati alikuwa akituma meseji 60 kwa siku, na meseji ya wakati huo ungeweza kuihesabu. Leo mazungumzo yapo ndani ya programu moja pamoja na magrupu, sauti, stika, stetasi na simu za video. Mtu aliyekaa saa nzima WhatsApp amechati, ametazama, amesikiliza au amefanya yote? Mwenyewe hawezi kukuambia.

Kwa sababu hiyo wengine huchagua vipimo vipana. Cha zamani kinachotajwa sana ni cha Adriana Bianchi na James Phillips wa Australia, mwaka 2005: maswali 27, kila moja kwa alama 1 hadi 10. Ni kirefu, na mhojiwa huchoka kabla ya kumaliza. Kile cha Korea Kusini kilichotungwa na Min Kwon na wenzake kina toleo fupi la mwaka 2013 lenye maswali 10, alama 1 hadi 6 kila moja, na kimewekewa mpaka: alama 31 kwa wavulana na 33 kwa wasichana. Cha Bergen, Norwei, cha mitandao ya kijamii, kina maswali sita tu, moja kwa kila kigezo cha Griffiths. Huko Hungaria, katika utafiti wa mwaka 2017 wa vijana karibu elfu sita, mpaka wake ulipendekezwa kuwa alama 19 kati ya 30, na asilimia 4.5 wakaangukia kwenye kundi la hatari.

Faida yake ni dhahiri. Ni vifupi, vimetumika katika nchi nyingi, na una kitu cha kulinganishia. Hasara ni kwamba havijui kuchati. Ukimpima yule mwanafunzi kwa kipimo cha Korea utajua kwamba simu inamshinda, hutajua kama ni meseji, video au michezo. Na ile mipaka ya alama inavutia kuliko inavyostahili. Iliwekwa kwa vijana wa Korea na wa Hungaria. Kuichukua kama ilivyo na kuwahesabia "waraibu" wa mahali pengine ni jambo linalofanyika kila siku, na matokeo yake ni zile asilimia za kutisha zinazotofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine hadi msomaji hajui ashike lipi.

Neno moja kuhusu alfa ya Cronbach, namba ya takwimu inayokokotolewa kutokana na majibu ya dodoso, maana ndiyo watu wanayoitoa kama ushahidi kwamba dodoso ni zuri. Alfa ya 0.70 kwenda juu inaonyesha kwamba maswali yanakwenda pamoja. Ukiuliza jambo lilelile kwa maneno kumi tofauti utapata alfa ya kupendeza, na bado hutakuwa umeonyesha kwamba unapima uraibu.

Simu inajua, ila haijui kila kitu

Tangu mwaka 2018 simu za iPhone na Android zimekuwa na sehemu inayoonyesha muda uliotumia kwenye kila programu, mara ngapi uliifungua simu na arifa ngapi zilikuja. Kwa mpimaji hii ni neema, kwa sababu kumbukumbu za watu ni mbovu. Mwaka 2015 Sally Andrews na wenzake huko Uingereza waliweka programu ya kurekodi kwenye simu za watu 23 kwa wiki mbili. Kwa wastani walizishika simu zao mara 85 kwa siku, kama mara mbili ya walivyodhani. Uchambuzi mkubwa wa Douglas Parry na wenzake wa mwaka 2021, uliokusanya tafiti nyingi zilizolinganisha maneno ya watu na rekodi za vifaa, ulikuta uhusiano wa wastani tu. Na kwa madodoso ya matumizi yenye matatizo, uhusiano ulikuwa dhaifu zaidi. David Ellis na wenzake walikuwa wameshaona jambo kama hilo mwaka 2019, walipochukua vipimo kumi vya matumizi ya simu na kuvilinganisha na rekodi za iPhone za watu 238.

Hapo wengi huruka na kusema: basi dodoso halifai, tuchukue rekodi. Mimi sifiki huko. Udhaifu wa uhusiano huo unaweza kumaanisha kwamba madodoso yanapima hofu ya mtu kuhusu simu yake badala ya anavyoitumia, na hilo ni onyo la haki. Lakini hata dodoso kamilifu la kushindwa kujizuia lisingefanana na rekodi ya muda, kwa sababu ileile ya muuzaji na mwanafunzi. Rekodi ya muuzaji ingekuwa ndefu kuliko zote.

Ukiamua kutumia rekodi, acha jumla ya saa, tazama mpangilio. Simu ilishikwa mara ngapi kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri? Ni mara ngapi ilifunguliwa bila arifa yoyote kuja kabla yake? Hicho cha pili, kufungua bila kuitwa, nakiona ndicho kitu kilicho karibu zaidi na "kushindwa kujizuia" ambacho mashine inaweza kuonyesha. Kumbuka pia yale ambayo rekodi haiyaoni: meseji inayosomwa kwenye kioo kilichofungwa bila kugusa programu, kuchati kwa kompyuta, na simu inayotumiwa na watu wawili. Na usisome meseji zenyewe. Huhitaji yaliyomo ili kupima, na ukiyasoma hutakuwa mpimaji tena machoni pa mtu huyo.

Ipo njia ya kati, ya kumtumia mtu swali fupi mara kadhaa kwa siku mahali popote alipo: sasa hivi unafanya nini, una hamu kiasi gani ya kuangalia meseji, umejizuia au umeshindwa? Inakwepa kumbukumbu mbovu, na inashika hamu ikiwa bado ya moto. Kichekesho ni kwamba unampima mtu anayeshindwa kuacha arifa kwa kumwongezea arifa. Kwa utafiti wa siku chache inavumilika, ila ukiipanga lazima ujue kwamba unaligusa lilelile unalolipima.

Swali ambalo hakuna dodoso linaloliuliza

Upande wa pili wa meseji yupo nani?

Nimeyapanga madodoso haya kwa njia nyingi na kila mara narudi hapa. Fikiria msichana anayejibu kila meseji ndani ya dakika moja, analala na simu mkononi, anaificha, hawezi kuiacha chumba kingine, na akichelewa kujibu mikono inamtetemeka. Pande zote tatu za dodoso la Lister-Landman zinajaa. Vigezo vya Griffiths vingi vinatimia. Kumbe ana mpenzi anayemtukana akichelewa kujibu, anayedai picha ya mahali alipo. Huyo hana uraibu. Ana mtu anayemtawala, na ukimpeleka kwenye mpango wa "kupunguza simu" utakuwa umemwongezea hatari. Au fikiria mfanyakazi ambaye bosi wake anataka majibu saa tano usiku. Au mama ambaye mtoto wake amelazwa mbali. Wote hao wangetoka na alama za juu.

Ndiyo maana alama bila mazungumzo siitaki. Mazungumzo hayahitaji urefu. Mara ya mwisho ulipojaribu kuiacha simu ilikuwaje? Ulijisikia nini dakika kumi za kwanza? Ni nani ambaye meseji yake huwezi kuiacha bila kuisoma, na ukiiacha kitatokea nini? Usingizi, masomo au kazi vimebadilika tangu lini, na nini kingine kilitokea wakati huo? Majibu ya swali la tatu peke yake hutenganisha anayefukuzia raha ya kujibiwa, anayekimbia wasiwasi, na anayeogopa mtu. Kitaalamu wawili wa mwanzo nao si sawa: kuangalia simu ili kutuliza wasiwasi kunafanana zaidi na mtu anayerudi kuhakikisha kama amefunga mlango, na msaada wake si ule wa mlevi.

Basi uchukue lipi

Kwa mshauri wa shule ningesema dodoso la Kimarekani, lisomwe pande tatu mbalimbali, na upande wa kuficha ukiwa juu mazungumzo yafanyike faragha kabla ya kumwita mzazi. Usilisambaze kwa darasa zima kisha ukabandika majina.

Kwa anayeandika tasnifu inategemea kile unachokihusisha nacho. Kama ni usingizi au masomo, la Kimarekani kwa tahadhari niliyoitaja. Kama ni upweke au mahusiano, la Kijapani. Kama unataka kulinganisha matokeo yako na ya nchi nyingine, chukua kipimo kifupi cha Korea au cha Bergen, ukikubali kwamba utakuwa unaongelea simu au mitandao kwa ujumla. Lolote utakalochagua, omba rekodi ya simu ya wiki moja kwa wale watakaoridhia. Picha ya skrini yatosha. Usiache kuwaomba ruhusa watunzi. Na usibadilishe "SMS" ikawa "WhatsApp" kimyakimya ukadhani dodoso limebaki lilelile. Ukishalibadilisha ni jipya, lipimwe upya.

Tafsiri nayo isifanywe na mtu mmoja usiku wa kuamkia kukusanya data. Mmoja atafsiri kwa Kiswahili, mwingine asiyeliona la awali alirudishe kwenye lugha ya dodoso la awali, tofauti zijadiliwe. Kisha keti na vijana watano au sita, uwasomee kauli mojamoja na kuwauliza wameelewa nini. "Unakasirika ukisumbuliwa wakati unachati" itawapeleka wengine kwa mdogo wao anayevuta simu, si kwenye uraibu.

Mzazi simpi dodoso lolote. Atalitumia kama hati ya mashtaka. Atazame kama mtoto analala, anakula na wenzake, anaendelea na mambo aliyoyapenda mwaka jana, na waifungue pamoja ile sehemu ya simu inayoonyesha matumizi ya wiki, mzazi akianza na yake.

Anayejishuku mwenyewe ana kipimo kinachozidi madodoso yote: zima arifa za meseji kwa wiki moja, wajulishe wachache wanaokuhitaji kwamba wapige simu, na usiku simu ilale chumba kingine. Andika kila siku ulijisikia nini na uliivunja ahadi mara ngapi. Ukimaliza wiki huku ukisahau kwamba ulikuwa na jaribio, huna cha kupima. Ukivunja siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na jambo hilo linakuumiza, peleka hilo daftari kwa mshauri au daktari; litamfaa kuliko alama.

Na kwa yeyote anayeandika ripoti: pale panapotaka neno moja, andika kilichopimwa na kwa kipimo gani. "Alama za juu upande wa kuficha na wa kuganda akili, anashika simu usiku, usingizi umepungua tangu muhula uliopita, bado hajaulizwa anayeongea naye ni nani." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "mraibu wa meseji", lakini atakayeipokea anajua kesho aanzie wapi.